Mshauri Asiyetoka Jasho

Kwa wiki sita za maisha yangu niliamini, bila chembe ya shaka, kwamba mshauri wa usimamizi akitokwa na jasho mbele ya mteja anafukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Haonywi wala haandikiwi barua ya kujieleza. Anapandishwa ndege ya jioni pale Lodwar, na kiti chake kinakaliwa na mtu mkavu.

Najua inavyosikika. Lakini nipe nafasi nijitetee, maana sikuwa mtu wa kuokotwa tu barabarani. Nilikuwa na diploma. Niliisomea miaka mitatu, kila jioni nikitoka kazini, katika darasa lenye feni moja iliyozunguka polepole hivi kwamba nzi walipanda juu yake kupumzika. Mchana nilikuwa nauza misumari na mabati kwenye hadiwea moja mjini Lodwar. Jioni nilifungua daftari la usimamizi wa biashara mikono ikinuka kutu. Mwalimu akirudisha mitihani, wangu alikuwa anautambua kabla ya kusoma jina.

Habari ya jasho niliipata kwa mwenzangu wa dawati, dereva wa gari la kukodi linalobeba wageni wa ofisi. Siku niliyomwonyesha barua ya kazi aliisoma yote midomo ikicheza, akaikunja, akanirudishia kama mtu anayerudisha picha ya marehemu.

"Ushauri," akasema. "Basi anza kukauka."

"Kukauka vipi?"

"Ndugu yangu, mimi nimebeba washauri tangu nianze kushika usukani. Nimewafikisha Lokiriama, nimewafikisha Namoruputh, nimewapeleka Kalokol wakale samaki. Sijawahi kuona mmoja ametoka jasho. Mimi hapo mbele nimelowa kama mtu ametolewa mto Turkwel. Yeye huko nyuma shati yake ni pasi mpaka jioni."

"Labda wana dawa."

"Hakuna dawa. Ni sheria. Wanatia sahihi." Akaangalia kushoto na kulia, ingawa darasani tulikuwa wawili. "Kuna mmoja alitoka jasho Lokiriama, mbele ya mkutano. Tone moja tu, hapa kwa paji la uso. Wakubwa wake wakaangaliana. Mimi mwenyewe ndiye nilimrudisha uwanja wa ndege. Njia yote alikuwa analia, na kulia wanaruhusiwa."

Hakunitajia, na mimi sikuuliza, kwamba kiyoyozi cha gari lile kilikuwa kimeharibika mbele na kinapuliza nyuma tu. Mambo hayo niliyajua baadaye sana. Wakati ule kila nilichokuwa nimewahi kukiona kilimuunga mkono. Washauri tuliokuwa tukiwaona Lodwar walishuka garini wakavuka hatua nne za jua, wakaingia ukumbi wenye kiyoyozi, wakatoka tena jioni. Mimi nimezaliwa Lodwar, mahali ambapo ukianika nguo ya kwanza, kufika ya mwisho ile ya kwanza inataka kuungua, na bado sikuwahi kumwona mshauri ana kwapa lililolowa. Ushahidi gani tena unatakiwa?

Halafu kulikuwa na usaili wangu wenyewe. Walinisaili kwa video, na kwa kuwa nyumbani mtandao unakuja na kwenda unavyotaka, niliomba ukumbi wa nyumba moja ya wageni. Mhudumu alitaka kunifurahisha akafungua kiyoyozi mpaka mwisho. Nilikaa mbele ya kompyuta saa nzima meno yakigongana. Nilijibu kwa maneno machache kwa sababu taya halikufunguka vizuri. Mwishoni yule mama aliyekuwa ananisaili, ambaye ndiye angekuwa mkubwa wangu, akasema, "Nimependa utulivu wako." Mimi sikuwa mtulivu. Nilikuwa nimeganda. Lakini baada ya maneno ya dereva nilielewa kila kitu: niliajiriwa kwa sababu nilionekana mkavu.

Barua ilisema nitaanza kama mshauri msaidizi, kwa miezi mitatu ya majaribio. Siku ya kwanza nikutane na mkubwa wangu Kakuma, kwenye ghala la chama cha wafanyabiashara wa soko, waliotaka kujua kwa nini mizigo yao inachelewa kushuka kutoka kwenye malori. Saa ya kufika ilikuwa imeandikwa kwa wino mzito. Niliisoma mara moja, nikaiona, nikapita. Akili yangu ilikuwa kwenye kwapa.

Nyumbani mama yangu alitaka kujua kwanza kazi yenyewe ni ya nini.

"Nitaenda kwa watu wenye biashara," nikamweleza, "niwaambie waiendeshe namna gani."

"Kwani wao hawajui?"

"Wanajua. Lakini wanataka mtu wa nje awaambie."

"Na wewe watakulipa?"

"Watanilipa."

Akageuza chapati. "Usiwaambie watu wa huku," akasema. "Wataona aibu kwa niaba yako."

Lakini nilikuwa nimeshawaambia. Niliwaambia majirani wote, wauza maji, kinyozi, na mtu mmoja aliyekuwa ananiuliza tu njia ya kwenda hospitali. Kwa hesabu yangu, Lodwar nzima ilijua, na habari ilikuwa imevuka Turkwel ikielekea Uganda kwa miguu. Ndiyo maana yale majaribio ya miezi mitatu yaliniogopesha kuliko nyoka. Na mwenye hadiwea alinimalizia. Nilipokwenda kuaga alichukua dastikoti yangu, lile koti la kazi la dukani, akaitundika kwenye msumari nyuma ya kaunta, akaipangusa mabega kwa upole.

"Hii naiacha hapa," akasema. "Simpi mtu. Nyinyi mkienda ofisini huwa mnarudi."

Kila nilipofumba macho niliiona ile dastikoti imening'inia inanisubiri. Nikaapa sitaivaa tena. Nitakuwa mkavu kama ubao wa kufundishia.

Nilianza na suti. Sokoni kwenye mitumba niliipata moja ya buluu nzito, nadhani mwenye nayo wa kwanza aliishi kwenye theluji. Muuzaji alishangaa kuniona naitemea mate mkono kwa siri, halafu naangalia kama alama inaonekana. Haikuonekana. Nikaichukua.

Kisha mazoezi. Saa ya chakula cha mchana, ingawa nilikuwa nimeshaaga, nilikuwa navaa suti, narudi hadiwea, naenda uani nyuma ya duka, nasimama katikati ya marundo ya mabati. Pale joto linatoka juu, linatoka chini, linatoka na pembeni. Nilikuwa najiambia: wewe ni jiwe. Siku ya kwanza jiwe lilidumu dakika mbili. Siku ya nne dakika tatu. Wapakiaji wa duka walikuwa wanakuja kutazama na soda zao.

"Leo amefika tatu na nusu," mmoja alikuwa akimwambia mwenzake.

"Hapana, tone la kope limetoka kabla. Nimeliona."

Nilijaribu pia poda. Dada yangu ana mtoto mchanga, na mtoto huyo alikuwa na mkebe mkubwa wa poda. Nilijipaka yote, shingo mpaka kiuno, nikavaa suti, nikatoka nje. Sitasema mengi. Jasho likikutana na poda ya kutosha ndani ya suti ya sufu, linakuwa unga uliokandwa. Nilirudi nyumbani nikitembea mikono mbali na mwili, na dada yangu akaniambia nikae kando ya jiko kidogo, labda nitaiva.

Mwisho nikaja na wazo nililoliona la kitaalamu: mtu asiyekunywa maji hana cha kutoa. Nikapunguza maji. Hapo mama aliacha kucheka.

"Huyo dereva wako," akaniuliza, "amewahi kufanya hiyo kazi?"

"Hapana, lakini amewabeba."

"Mimi nimebeba kuni maisha yangu yote. Nimekuwa mti?"

Nikajifanya nakung'uta suti. Alipoona sibadiliki aliingia ndani akatoka na ekicholong ya marehemu baba, kile kigoda kidogo ambacho wanaume wa Kiturkana hutembea nacho, wakichoka wanakikalia, wakilala wanakilazia kichwa.

"Kama umeamua kuishi kivulini," akasema, "angalau ukae vizuri."

Nilifika Kakuma siku moja kabla ya kuanza kazi, mchana, nikapanga chumba mjini. Hadi kwenye ghala ilikuwa dakika ishirini kwa miguu, kwa mwendo wa mtu mwenye akili. Pikipiki niliikataa tangu nyumbani: vumbi la Kakuma likishika unyevu kidogo tu usoni, unageuka ukuta uliosiribwa. Nitatembea. Na nitatembea kivulini mwanzo mpaka mwisho.

Jioni hiyo, kama saa kumi na moja, nikafanya kazi yangu ya kwanza ya ushauri, kwa mteja ambaye ni mimi. Nilichukua karatasi na kalamu nikaipita njia yote polepole, nikichora. Kila duka lililotupa kivuli nililiweka. Kila ukuta, kila turubai, kila mti wa mathenge, mpaka tangi la maji lililokuwa na kivuli cha kumtosha mtu mmoja mwembamba. Nilipomaliza nilikuwa na mnyororo mzuri wa vivuli kutoka mlango wa chumba changu mpaka lango la ghala, na mapengo saba tu ya jua, yote ya kurukwa. Niliitazama ramani ile nikajionea fahari. Nikalala na kiu na furaha.

Asubuhi nilivaa, nikaweka barua mfuko wa ndani, simu nikaizima sauti kwa adabu ya ofisi, nikatoka na ramani mkono mmoja na ekicholong mkono wa pili. Niliingia kwenye kivuli cha kwanza. Hakikuwepo.

Nikaangalia ramani. Duka lilikuwa lile lile, na rangi ya mlango ni ile ile. Nikadhani nimesimama vibaya, nikajibana ukutani kabisa, mgongo umegusa bati. Jua lilinijia usoni kama mtu anayenidai salamu. Nikaenda cha pili, hakuna. Kwenye tangi la maji nililizunguka mara mbili. Kila nilipofika mahali palipochorwa kivuli, niliposimama palikuwa jua tupu, nikawa nangoja, nikiamini kimechelewa kidogo na kinakuja. Hivyo ndivyo nilivyosafiri: hatua kumi, kungoja, hatua kumi, kungoja.

Nilikuwa nimejibana kwenye ukuta wa tano au wa sita pale mama mmoja wa Kisomali, mwenye kibanda cha chai upande wa pili wa njia, aliposhindwa kuvumilia.

"Walaal," akaniita, yaani ndugu kwa Kisomali. "Huo ukuta umekukosea nini?"

"Natafuta kivuli, mama."

"Kivuli kiko huku kwangu."

"Ramani inasema kiko hapa."

Akavuka njia, akanichukulia ile karatasi, akaitazama juu chini kama mtu anayesoma cheti cha daktari.

"Umechora saa ngapi?"

"Jana. Saa kumi na moja."

"Na jua la saa kumi na moja lilikuwa wapi?"

Nikanyoosha kidole upande wa Uganda.

"Na sasa liko wapi?"

Lilikuwa usoni mwangu. Mimi, mtoto wa Lodwar, niliyejifunza jua kabla ya kujifunza kutembea, nilikuwa nimechora vivuli vya jioni nikavitafuta asubuhi. Kila kivuli kwenye ramani yangu kilikuwepo, salama kabisa, upande mwingine wa ukuta.

"Nyinyi watu wa ofisi," akasema yule mama, bila ukali. "Njoo ukae kabla hujaanguka. Midomo yako imepasuka."

Nilitaka kukataa, lakini miguu ilikuwa imeshakubali. Nikaweka ekicholong chini ya turubai lake nikakaa. Akanipa maji, gilasi kubwa, na macho yake yakasema hatoki pale mpaka iishe. Nikanywa. Akanipa ya pili. Halafu akaleta chai ya maziwa, yenye tangawizi na iliki, inayofuka moshi.

"Chai itanitoa jasho, mama."

"Ndiyo kazi ya chai."

Wiki sita za mazoezi zilivunjika kwa funda moja. Lilianza nyuma ya masikio. Likaja paji la uso, likaja mgongo, likaja mahali ambapo sikujua kuna vinyweleo. Nadhani ng'ombe watatu wangeweza kunyweshwa. Nilichomoa barua ya kazi mfukoni nikaanza kujipepea nayo kwa nguvu, nikipiga hesabu: nikauke robo saa, nijipanguse, niingie. Barua ikawa inapita mbele ya macho yangu, kushoto, kulia, kushoto, na kila ikipita kitu cheusi kilipita nacho. Nikaisimamisha nisome. Ni ule wino mzito. Saa tatu kamili asubuhi.

"Mama, sasa ni saa ngapi?"

"Saa tatu na nusu imepita."

Nikatoa simu. Ilikuwa imeita mara nne, kwa adabu, bila mtu kuisikia.

Nilikimbia. Nilikimbia na suti ya theluji, ekicholong kwapani, ramani mkononi, katikati ya jua, nikipita vivuli vizuri vya asubuhi bila hata kuviangalia. Watoto wa shule walinipisha. Mzee mmoja alinisalimia "Ejok" nami nikamjibu nikiwa nimeshampita nyumba mbili. Kichwani sikuwa na ghala wala malori. Nilikuwa naiona dastikoti kwenye msumari, mkono wake mmoja umeinuka kidogo kunipungia.

Langoni nilimkuta mkubwa wangu. Nilimtambua kutoka kwenye video, ingawa kwenye video alikuwa mkavu. Sasa alikuwa amelowa. Blauzi imeshika mgongo, taulo ndogo shingoni, na matone yanamtoka kwenye kidevu yanaanguka juu ya daftari lake, mchana kweupe, huku wafanyabiashara watatu wamesimama ndani ya ghala wanamwona. Nikaelewa mara moja. Walikuwa wameshamfukuza. Alikuja mapema, jasho likamtoka, na sasa alikuwa nje langoni anangoja gari la kumpeleka uwanja wa ndege.

Hofu yangu yote ikageuka huruma.

"Madam," nikamwambia kwa sauti ya msibani, "pole sana."

"Pole ya nini?"

"Wamekuona?"

"Nani?"

"Wateja."

"Wananiona tangu saa mbili na nusu. Wewe ndiye hawajakuona."

"Na ndege ni ya saa ngapi?"

Akaacha kujipangusa. "Ndege gani?"

Basi nikamwambia. Nilimwambia yote pale langoni, kwa sababu nilidhani sote wawili hatuna cha kupoteza: dereva, yule wa Lokiriama, mabati, poda, maji, ramani. Kila nilipotaja jambo jipya alifumba macho kidogo, kama mtu anayetiwa dawa ya matone. Nilipofika kwenye poda akageuka akatazama ukuta kwa muda, mabega yakimtikisika. Aliporudi uso wake ulikuwa umenyooka tena.

"Lete hiyo karatasi."

Nikampa ramani, imelowa pembe zote. Akaisoma kwa makini kuliko nilivyotarajia.

"Hivi ni vivuli vya jioni?"

"Ndiyo, madam."

"Wapakuzi hapa wanashusha mizigo asubuhi, na malori yanasimama upande ule wa jua. Kesho uchore vya asubuhi."

Alisema kesho. Nilitaka kumwomba alirudie neno hilo, lakini nilikuwa na swali moja ambalo lisingenipa usingizi.

"Kwa hivyo, madam, ile sheria ya jasho?"

Akavua taulo shingoni, akaikamua, maji yakaanguka kati ya viatu vyetu.

"Haipo," akasema. "Haijawahi kuwepo. Mimi natoka jasho tangu niliposhuka ndege Jumamosi, na hakuna aliyeniuliza. Sheria ni kufika saa tatu. Wewe umefika saa nne kasorobo."